Mayai Nusu Bei kwa Santa Clara

Jumatatu, 15 Aprili

Hakuna barua pepe. Nimemwuliza Dalyn asubuhi, mchana, na tena alipokuwa bafuni. Mara ya tatu akajibu kupitia mlangoni: mjomba, simu sikuingia nayo humu!

Mpwa wangu Rhodalyn ameomba chuo kimoja tu cha utabibu hapa Iloilo, kile chenye ufadhili wa mkoa. Vingine hatuviwezi. Akiitwa kwenye usaili, akapita, atakuwa daktari. Asipopita, tarehe 20 Mei anapanda meli kwenda Manila kupokea simu za Wamarekani wenye hasira usiku kucha. Kazi hiyo ameshaipata. Tiketi ya meli iko kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku yenye umbo la nanasi. Kila nikitaka maji naiona. Nimeacha kunywa maji baridi.

Na mtoto mwenyewe ni huyu! Akiwa darasa la tano alimwambia mganga wa zahanati kwamba sindano ile imegusa meza, achukue nyingine. Mganga akachukua nyingine. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilikuwa nimeshakunja shati na kufumba macho.

Jirani, Mama Kent, ametundika bango. Mwanawe Kent ameomba chuo kilekile, naye ameshaitwa. Bango lina picha ya Kent ndani ya suti, na maandishi mekundu: KENT IAN SUMAGAYSAY AMEITWA KWENYE USAILI! Kuitwa tu! Akipita je, si atafunika mtaa mzima?

Dada yangu Meding, mama yake Dalyn, hakuinua hata kichwa kwenye cherehani. Kasema niwaache watu na furaha yao. Tena kasema: na wewe Abon, usianze.

Mimi? Nianze nini?

Jumatano, 17 Aprili

Nimeanza.

Hapa kwetu mlango haufunguki mpaka upate mkubwa wa kukusemea. Sisi hatuna mkubwa. Basi nikaenda kumtafuta. Nikanunua kopo la biskuti za kukunja, zile nyembamba zinazovunjika ukizitazama, nikavaa shati langu la mazishi na harusi, nikasimama nje ya geti la chuo.

Saa nne akatokea mtu mwenye koti jeupe. Mtu wa makamo. Nywele timutimu, hazijaona kitana tangu enzi za rais aliyepita. Nikajua huyu ni profesa. Msomi wa kweli atapata wapi muda wa nywele? Nikamfuata hadi kwenye benchi la kivulini, nikamwekea kopo mapajani, nikamsimulia habari za Dalyn tangu alipozaliwa. Sindano nikamweleza. Alama zake nikamweleza. Alisikiliza vizuri. Alikula vizuri zaidi. Mwisho akasema mtoto wa aina hiyo hawezi kukosa. Nikambusu mkono!

Kisha akaniuliza kama ningependa kupunguza pembeni.

Ni kinyozi. Duka lake liko ng'ambo ya barabara. Kinyozi hajinyoi, waliosema hawakukosea.

Nimenyolewa. Ningekataaje, baada ya kumbusu mkono?

Baadaye, siku hiyohiyo

Balaa. Kiti cha pili pale kinyozini alikaa Kent, akinyolewa kwa ajili ya usaili. Alisikia yote kinyozi aliyokuwa akisimulia. Kent hana ubaya, alimpa Dalyn hadithi kama kichekesho. Dalyn hakucheka.

Hakupiga kelele pia. Ingekuwa nafuu. Alikaa mbele yangu akaniambia taratibu: "Mjomba, nikipita nataka nijue nimepita mimi. Ukinitafutia njia ya mkato, kila nikimshika mgonjwa nitajiuliza kama mkono huu ulistahili kumshika."

Nilitaka kubisha. Miaka ishirini na miwili, na ananiacha mdomo wazi! Mimi kwa umri wake nilikuwa nafuga jogoo wa kupigana, tena wa kushindwa.

Nimeahidi kwamba sitasema na mtu yeyote wa chuo tena. Kweli kabisa. Naapa.

Ijumaa, 19 Aprili

Santa Clara si mtu wa chuo.

Kila mtu anajua. Hutaki mvua inyeshe kwenye harusi, unataka kupita mtihani, unawapelekea mayai masista wa Santa Clara na wao wanakuombea. Jana nilimwona Mama Kent akirudi sokoni na trei ya mayai ya kuku, yale ya kahawia, ameyashika kama mtoto mchanga. Aha! Nikaamua trei mbili. Tena ya bata, makubwa.

Ila mayai yamepanda bei. Nikaenda kwa Pedring anayeatamisha baluti, yale mayai ya bata yanayochemshwa na kuliwa na kifaranga ndani. Yeye huyachungulia mayai yake kwa taa. Yasiyo na kifaranga ndani hayafai kwa baluti, huyauza nusu bei kama mayai ya kawaida. Nikamkuta na marundo mawili ya mayai yaliyokataliwa. Pedring alikuwa kwenye simu na mkewe, anagombezwa. Nikaacha pesa mezani, nikajipakulia mwenyewe kutoka rundo la karibu. Bado yalikuwa na joto. Nikajisemea: freshi hayo!

Masista wa Santa Clara hawaonekani. Unaweka vitu kwenye kabati la mbao lililo ukutani, linazunguka, sauti kutoka ndani inakubariki. Mayai yakaenda, kikaratasi cha maombi kikarudi. Nikaandika jina langu kamili, Abundio, mtaa, namba ya nyumba na namba ya simu, maana kina Rhodalyn mjini ni wengi na sikutaka baraka ipotee njia. Nikaandika: Rhodalyn aitwe usaili, na apite.

Hapo dhamiri ikanisuta. Kent ni kijana mzuri. Mwaka jana alitutengenezea pampu ya maji, hakutaka hata soda. Nikaongeza: Kent naye apite. Ila awe nyuma kidogo ya Dalyn.

Neno "kidogo" nikalipigia mstari. Sina roho mbaya.

Jumamosi, 20 Aprili

Mwenye duka la mabango anapunguza bei kwa anayeagiza mapema. Nimeagiza mapema. HONGERA DKT. RHODALYN! Akaniuliza picha ya anayepongeza iko wapi. Kweli! Kila bango la pongezi mjini lina uso wa diwani au mbunge. Dalyn hana mbunge. Ana mjomba.

Uso wangu umetoka mkubwa kidogo kuliko wake. Dalyn yuko hapo karibu na sikio langu. Rangi lakini zimekaa vizuri mno.

Nimelificha mvunguni mwa kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi ilibidi nilale kifudifudi.

Jumatatu, 22 Aprili

Simu asubuhi. Sauti ya mama mtu mzima, tulivu, ikasema ni ya Mama Mkuu wa masista wa Santa Clara. Ikasema: "Ndugu Abundio, mayai yako yanalia."

Nilidhani ni fumbo la kiroho. Nikajibu amina.

Si fumbo. Rundo la karibu lilikuwa la yale yaliyopitiliza, ambayo kifaranga kimekua mno hakuna wa kukila. Masista wameyaweka jikoni karibu na jiko. Usiku wa kuamkia leo yakaanza kupasuka. Saa yao ya ukimya imeharibika kwa kwi kwi kwi. Sista mmoja mzee alikuwa anavunja yai la kukaanga. Lilimtazama.

Dalyn alisikia yote, maana simu yangu inapiga kelele kama redio. Akavaa viatu. Akaniambia: mjomba, twende tukaombe radhi. Wewe utaomba, mimi nitaangalia vifaranga.

Niliomba. Kupitia dirisha lenye nondo, nimepiga magoti, shati lilelile la mazishi na harusi. Nilitegemea kukaripiwa. Upande wa pili masista walikuwa wanacheka hadi wanashikana mabega! Mama Mkuu kasema tangu aingie humo hajawahi kuletewa sadaka inayotembea.

Dalyn wala hakutusikiliza. Aliomba boksi, taulo kuukuu, na taa ya mezani. Akaelekeza taa iwekwe mbali kiasi gani. Akasema ambao hawajatoka kwenye ganda wasisaidiwe kwa nguvu, watoke wenyewe. Masista wazima wakamtii kama wanafunzi. Kimoja kilikuwa dhaifu, shingo imelala. Alikiomba, wakampitishia kwenye kabati. Kikazunguka, kikafika. Akakifunika kwa viganja na kukipulizia pumzi yake.

Hapo simu yake ikatetemeka mfukoni.

Akasema: mjomba, nisomee, mikono yangu ina mgonjwa. Nikaichomoa. Miwani nimeiacha nyumbani! Nikasogeza simu kwenye nondo. Mama Mkuu akavaa yake, akasoma kwa sauti ileile ya kusomea Injili: mpendwa mwombaji, unaalikwa kwenye usaili, Jumatatu tarehe 29 Aprili, saa mbili asubuhi.

Masista wakapiga makofi. Mimi nikalia, nondo zikalowa. Dalyn akatabasamu, akashukuru, kisha akamwambia sista mdogo kabisa asijaze maji kwenye kisahani, vifaranga watazama. Macho hayakutoka kiganjani. Nilimtazama nikamwona daktari. Alikuwa ameshakuwa, bado kuambiwa tu.

Kile dhaifu tumerudi nacho nyumbani, akiangalie yeye.

Na siku tatu tu tangu mayai! Santa Clara hacheleweshi.

Jumatatu, 29 Aprili

Usaili. Nilisubiri kwa kinyozi, kwenye benchi. Sikusema na mtu wa chuo. Na yeye kinyozi nilimwambia habari za hali ya hewa tu, akashangaa.

Dalyn na Kent walitoka pamoja. Kent jasho tupu. Nikamnunulia Dalyn bakuli la batchoy, supu yetu ya tambi, akala, ndipo akasema.

Waliokuwa wakiuliza ni madaktari watatu. Walimwomba aeleze kosa lililotokea nyumbani kwao na alichofanya. Akawasimulia mayai yangu! Wakacheka mpaka daktari mmoja, mama mwenye mvi, akavua miwani kujifuta. Basi, nikajisemea, tumeingia!

Kisha mama huyo akauliza kile dhaifu kilikuwaje. Dalyn akajibu kwamba kilikufa usiku wa pili. Akasema alikiweka karibu mno na taa, anadhani alikizidishia joto. Asubuhi yake alikwenda kwa masista mwenyewe, akawaambia kimekufa mikononi mwake, na kosa huenda ni lake. Daktari yule akaandika kitu. Wakamshukuru, wakamtoa.

Mimi nikaacha kijiko. Kilikufa? Nimewatangazia mtaa mzima kwamba wote wazima! Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema alijaribu mara mbili, nikawa nazungumza.

Ana haki. Lakini Mama wee! Umeulizwa na madaktari kama unafaa kushika roho za watu, unawaambia umeua bata? Nani alikulazimisha? Akasema: "Wameuliza, mjomba. Ningewadanganya leo, kesho ningemdanganya nani?"

Najivunia mpaka kifua kinauma. Na naogopa kwamba amejifukuza mwenyewe.

Alhamisi, 2 Mei

Hakuna barua pepe.

Jumapili, 5 Mei

Hakuna. Leo ni Jumapili, najua, lakini ningependa waonyeshe bidii.

Jumanne, 7 Mei

Dalyn ameanza kupanga nguo kwenye sanduku. Polepole, nguo mbili leo, tatu jana, ili mama yake asishtuke. Meding anashona usiku na mchana. Anamshonea koti zito, kwa sababu amesikia ofisi za Manila zina baridi. Nyumba imepoa. Mimi mwenyewe bila mtoto huyu nitamwudhi nani?

Nikaficha tiketi ya meli. Nia ilikuwa njema: bila tiketi hakuna safari. Dalyn akaitafuta. Nikaamua kuirudisha. Nikasahau nimeificha wapi!

Meding ndiye aliyeipata. Ilikuwa ndani ya bango, mvunguni. Akalikunjua lote sakafuni. Alisimama hapo muda mrefu, mikono kiunoni, akitazama uso wangu, kisha mwanawe karibu na sikio. Nikangoja radi.

Akasema: "Abon, hebu nieleze, anayekuwa daktari ni nani hapa?"

Kisha akainama, akalizungusha upya, taratibu, akisema lisikunjwe maana litaweka mistari. Mstari ukipita usoni mwa mtoto utaonekana vibaya. Akalirudisha mvunguni mwenyewe, na tiketi akaibana tena kwenye friji.

Kumbe na yeye anaamini. Nilikwenda uani nikajifanya naangalia pampu.

Ijumaa, 10 Mei

Ilikuja wakati wa kupakua wali. Simu yake ilikuwa kando ya sufuria. Aliitazama. Akaweka mwiko chini. Akasoma hadi mwisho, naamini alirudia, maana mimi nilikufa na kufufuka hapo katikati.

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye friji, akabandua sumaku ya nanasi, akatoa tiketi, akaikunja mara moja. Akafungua mlango, akamimina glasi, akaniletea.

Akasema: "Kunywa maji baridi, mjomba."

Alijua! Wiki zote hizo, na usaili wake, na hofu yake, aliona kwamba mimi sifungui friji. Mtu wa kuona hivyo si atauona ugonjwa umejificha wapi?

Meding amekumbatia cherehani analia. Mimi nimekunywa glasi nne, tumbo linaniuma, sijali.

Barua ya kumkubali ina sentensi moja ya nyongeza, kutoka kwa yule mama mwenye mvi: kwamba wagonjwa watakufa, na chuo kinahitaji daktari atakayekiri hivyo bila kuficha. Dalyn ameisoma tena peke yake nje. Sikumfuata. Mnaona? Ninaweza.

Kisha habari nyingine. Kent hakukataliwa. Yuko kwenye orodha ya wanaosubiri, wa kwanza kabisa. Akijitoa mtu mmoja, anaingia.

Nyuma kidogo ya Dalyn.

Nyuma KIDOGO! Nilipigia mstari! Nywele zimenisimama, zile chache kinyozi alizoniachia.

Jumamosi, 11 Mei

Nilitaka nisitundike bango. Ningelitundikaje, na bango la Kent limeshatolewa, ukuta wa watu umebaki na misumari mitupu?

Asubuhi hodi. Mama Kent. Macho mekundu, sinia la pansiti, tambi za kukaanga za sherehe, mkononi, na nyuma yake Kent kabeba ngazi. Akamkumbatia Dalyn mpaka miguu ikainuka. Akasema: haya, liko wapi? Mtaa mzima unajua liko mvunguni, Abon, mwenye duka la mabango ni binamu yangu.

Kent ndiye aliyepanda. Kent! Alifunga kamba zote nne, akashuka akauliza kama limenyooka. Nilitafuta pa kuweka uso wangu, ila ulikuwa umeshawekwa pale juu, mkubwa kama matairi mawili. Mama Kent akarudi nyuma, akalitazama, akaniuliza: "Hii ni pongezi au kampeni?"

Dalyn akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Machi.

Mwanamke huyu miaka kumi namwita mpinzani. Moyo wake ni mkubwa kuliko bango lake. Nilitaka kukiri kile kikaratasi cha Santa Clara, ulimi ukagoma. Nikakiri kwa Dalyn baadaye. Akaniambia Kent amezidiwa alama chache tu, kila mwaka kuna wanaokwenda vyuo vingine, ataingia bila msaada wangu. Akanishika mabega. Mjomba, usiende popote. Hasa usiende kwa Pedring.

Nimeahidi.

Jumapili, 12 Mei

Nimetoka mapema, wote wamelala.

Ahadi ni ahadi, lakini deni la Kent ni langu, na mtu mzima hulipa. Tena sikukurupuka. Nimejifunza! Safari hii nilimwuliza Pedring kabisa rundo lipi halina kitu ndani. Akanyoosha kidole, akasema la kushoto, akaingia kumjibu mkewe. Sasa, tulikuwa tumetazamana. Kushoto kwake au kwangu? Sikutaka kumwingilia mtu na mkewe. Nikachukua kushoto kwangu; mnunuzi ndiye mfalme. Trei tatu. Nusu bei!

Kikaratasini nikaandika kwa uangalifu: Kent apate nafasi mara moja, asiwe nyuma ya mtu. Nikafikiri. Ili Kent aingie lazima mmoja atoke. Nikaongeza: anayetoka apate chuo kizuri zaidi, akaridhike huko. Nikafikiri tena, jasho likanitoka. Nikaandika kwa herufi kubwa: ASIWE DALYN. Nikapigia mistari miwili.

Kabati likazunguka na trei zangu. Kwa mbali, bustanini, bata wakubwa kiasi wakilia. Sauti nzuri, nikajua ni wangu. Halafu sauti ya Mama Mkuu, taratibu: "Ndugu Abundio. Haya nayo yana joto."

Nikajaa fahari. Nikamwambia ndiyo, Mama, yametagwa leo leo.